Kiko Chenye Waya wa Shaba

Tulipomzika Shangazi Moraa kule Kebirigo mwezi uliopita, mjukuu wangu mmoja wa Nairobi alinikuta nyuma ya nyumba, nimejitenga na kelele za masufuria, nimeshika kiko. Sijawahi kuvuta tumbaku hata siku moja, na ukoo mzima unajua, ndiyo maana watoto hucheka wakiniona nacho. Huyu hakucheka. Alikipokea kwa adabu, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mdomo wake mweusi, pale penye vishimo. "Sokoro, hapa imeumwa-umwa," akasema. "Kuna jamaa pale town ana mashine. Ataisugua mara moja, inakuwa mpya." Nilimpokonya kwa ukali ulionishtua hata mimi. Akaniomba radhi, akaenda kupanga viti, nami nikabaki na aibu, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa. Alisema neno lile lile ambalo ningelisema mimi nikiwa na umri wake, tena kwa majivuno zaidi.

Basi haya ndiyo majibu yake. Sitaanzia kwa wazazi wangu wala shule niliyosoma. Mwenye hamu ya hayo aniulize siku nyingine. Naanzia kwenye chumba kimoja Nyansiongo, miaka michache baada ya Uhuru. Wazungu waliokuwa na mashamba upande huo wa Borabu walikuwa wameondoka karibu wote, mashamba yakakatwa vipande, na watu wetu wakatoka kwenye vilima vilivyobanana wakaja kufuga ng'ombe wa maziwa mahali ambapo zamani hata kupita tu ilikuwa mashaka. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa. Nilipewa chumba katika nyumba ya mkulima mmoja aliyerudi kwao, nyumba ndefu ya mawe ambayo sasa ilikuwa imegawanywa kwa kuta za mbao. Sebuleni alikaa dereva wa trekta na watoto wake. Jikoni alikaa mama mmoja mjane aliyeuza maziwa ya mgando, naye tulimwita Mama Mgando mpaka jina lake halisi likasahaulika. Mimi nilipata chumba alichokuwa mzungu akitundikia matandiko ya farasi. Kilinuka ngozi na jasho la mnyama, nikipige deki nisikipige. Chini ya dirisha palikuwa na meza nzito ya kufanyia kazi za mikono, ambayo mwenyewe alishindwa kuibeba au hakuona haja, na katika kabati ya ukutani, nyuma ya mikebe ya rangi iliyokauka, ndipo nilipokuta sanduku la viko.

Vilikuwa vibovu vyote. Vingine vilikuwa vimepasuka, vingine vimeziba kwa masizi mazito yanayonata, vingine midomo imegeuka rangi ya kijani kama shaba iliyotupwa. Mtu mwenye akili angevichoma. Mimi nilikuwa kijana mpweke, jioni za kule ni za baridi na mvua, na mikono yangu haipendi kukaa bure. Nikaanza kukwangua kimoja kwa kisu kidogo. Nikajifunza kwa kuharibu. Nikagundua kwamba ukijaza chumvi ndani ya bakuli la kiko, ukaimwagia spiriti, ukakiacha hivyo mpaka kesho yake, chumvi huvuta uchafu wote wa miaka na kugeuka nyeusi, na harufu ya kale inakwisha kabisa. Tundu la shingoni nililisafisha kwa manyoya ya kuku. Mbao nilizisugua kwa majani makavu ya msasa, kisha nikazipaka nta ya nyuki na kuzipangusa kwa soksi kuukuu mpaka zikang'aa. Mdomo ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Ni mpira mgumu mweusi, na ukiupasha moto pole pole juu ya taa, unakumbuka umbo lake la kiwandani. Alama za meno ya aliyekuwa akivuta zinainuka zenyewe na kupotea mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilipiga kelele za furaha, na Mama Mgando akaja kuuliza kama nimeungua.

Habari zikaenea. Wazee waliokuwa askari wakati wa vita vya Wazungu waliniletea viko vyao, na mwenye duka la vitambaa mjini Kisii alinitumia viwili kwa dereva wa basi. Mimi ni Msabato, na kwetu Wasabato tumbaku ni dhambi bila mjadala. Nilijiambia kwamba sivuti, nasafisha tu, na kusafisha hakujakatazwa popote. Hoja hiyo ilinitosha mimi. Kama ingemtosha mzee wa kanisa ni jambo jingine, na mwaka ule mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshika maisha yangu mkononi.

Huyo alikuwa Mzee Ombati wa Kebirigo, na binti yake, Kemunto, alikuwa msaidizi wa muuguzi katika zahanati ya Nyansiongo. Nilikutana naye kwa sababu ya spiriti. Mara ya kwanza nilipoenda kuiomba aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. "Unakunywa," akasema. Nikamwambia sinywi. "Basi nionyeshe kidonda." Sikuwa na kidonda. Nikamweleza habari za viko, naye akacheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakacheka bila kujua wanacheka nini, kisha akanijazia chupa. Sitaeleza jinsi mambo yalivyoendelea baada ya hapo. Kabla mwaka haujafika katikati, baba zangu wadogo walikuwa wamekwenda Kebirigo kumwomba, na Mzee Ombati hakukataa. Alisema tu kwamba atamtuma esigani. Esigani kwetu ndiye mshenga, lakini kazi yake si kubeba maneno peke yake. Huja kwako bila kubisha hodi ya mapema, akaangalia unavyoishi, unakula nini, watu wanakusemaje, kuna uchawi au hakuna. Neno lake likiwa baya, ndoa imekwisha na hakuna wa kukata rufani. Esigani wetu alikuwa Moraa, dada yake Mzee Ombati, shangazi ya Kemunto, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu. Nilikuwa nimepanga kwamba siku nitakayosikia anakuja, viko vyote vitaingia chini ya kitanda.

Jumapili moja alasiri mvua ilikuwa inapiga mabati, Kemunto akaingia chumbani kwangu. Hakuwahi kuingia kabla ya siku hiyo. Msichana wa watu kuingia peke yake katika chumba cha mwanamume asiye na mke lilikuwa jambo la kummaliza kabisa, yeye na kazi yake na jina la baba yake, na tulilijua wote wawili. Alibaki amesimama karibu na mlango, leso imelowa, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Kilikuwa kiko cha zamani, kizito, shingo yake imepasuka na kuzungushiwa waya wa shaba kwa ustadi, duru baada ya duru, kama wanavyofunga mpini wa mkuki.

"Ni ya Sokoro," akasema. Alimaanisha babu yake, Mzee Mogaka, aliyekuwa ameendesha maksai wa mzungu upande wa Sotik nusu ya maisha yake. "Kila mtu nyumbani anajua alizikwa nayo."

Nilikiweka mezani haraka. Nikamuuliza amekitoa wapi, naye akaniambia nisiwe mjinga. Mzee Mogaka alivuta mpaka akashindwa kuinuka, akabatizwa akiwa kitandani, kwa ahadi kwamba tumbaku imetoka katika nyumba ile milele. Alipokufa, mchungaji aliuliza habari za kiko, na mkewe, Magokoro Kerubo, nyanya yake Kemunto, akajibu mbele ya waombolezaji wote kwamba amekiweka jenezani, ubavuni mwa mumewe, kiende naye. Hakukiweka. Alikificha ndani ya chungu cha mbegu za wimbi. Kemunto alikuwa amemwona alfajiri moja akiwa likizoni, wakati wengine wamekwenda kuchuma pareto. "Anaitoa, anainusa, halafu anaipangusa hapa kwa mdomo wa kiko, kwa kidole gumba. Anapangusa, anapangusa. Kila siku. Ni kama anataka hiyo uchafu itoke na haitoki. Wewe unaweza kuitoa. Nataka Jumapili ijayo aikute ndani ya chungu ikiwa mpya, ashangae."

"Hajui umeichukua?"

"Nimekuambia nataka ashangae."

Nilikifanyia kazi kile kiko kuliko kingine chochote kabla au baada. Nilikuwa nataka kumpendeza msichana, na nilikuwa nataka kujionyesha kwa bibi ambaye hangejua ni mimi. Masizi ya ndani yalikuwa magumu kama jiwe, niliyatoa yote. Niliweka chumvi na spiriti mara mbili. Waya niliuacha, ila niliung'arisha mpaka ukawa rangi ya chungwa. Mdomo ulikuwa na mashimo makubwa ya meno, mawili juu na moja chini, kwa sababu mzee alikuwa na pengo na aliuma upande mmoja, akiwa na fimbo ya maksai mikononi. Niliupasha moto na mashimo yakainuka. Palipobaki kovu nilipasugua kwa msasa, kisha kwa majivu laini, kisha kwa kitambaa. Ulipokwisha, ulikuwa laini kama siku ulipotoka dukani, nami nikakaa nikiutazama huku nikila ndizi za kuchemsha na maziwa, nikiwa mtu mwenye furaha.

Katikati ya wiki Kemunto aliniita kwenye uzio wa zahanati, na uso wake haukuwa na mzaha. Alikuwa amepata habari kutoka nyumbani. Magokoro hali chakula. Amemwaga mbegu zote za wimbi sakafuni, amezirudisha, amezimwaga tena. Wakimuuliza anatafuta nini, anasema hatafuti kitu. Hakuweza kusema, masikini, maana kusema kwamba kimepotea ni kukiri kwamba hakikuzikwa. "Nitakuja Jumapili asubuhi niichukue," Kemunto akaniambia. "Mapema."

Jumapili asubuhi aliyetangulia kufika alikuwa Shangazi Moraa.

Nilikuwa nimefungua mlango nikidhani ni Kemunto, na nilikuwa nimekiweka kiko katikati ya meza, juu ya taulo safi, ili akikute kinang'aa. Shangazi aliingia, akanisalimia vizuri tu, akaangalia kitanda, akaangalia sufuria zangu, akafunua mtungi wa maji. Nikamkaribisha kiti. Alipogeuka kukaa ndipo alipoiona meza. Hakupiga kelele. Alisogea, akainama bila kugusa, akauangalia ule waya. Baba yake alikuwa ameufunga waya ule yeye akiwa msichana, labda akiwa amemshikia koleo. "Hii umetoa wapi?" aliniuliza. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili tu. Jibu la kweli lingesema kwamba Kemunto aliingia katika chumba hiki peke yake, na kwamba ameiba kutoka kwenye chungu cha nyanya yake, na kwamba nyanya yake alidanganya juu ya jeneza. La uongo sikuwa nalo tayari. Nikafunga mdomo. Shangazi akatoka nje bila kuniaga.

Ukuta wangu wa upande wa jikoni ulikuwa wa mbao, na nilimsikia akizungumza na Mama Mgando kwa Ekegusii, sauti chini. "Huyu karani huwa anasafiri kwenda pande zetu? Huwa anatoka saa za giza?" Mama Mgando akauliza kuna nini. "Ana kitu cha marehemu baba yangu. Kitu kilichoko kaburini." Nikasikia Mama Mgando akivuta watoto wa dereva waingie ndani na kufunga mlango. Mwanamke huyo alikuwa akinipa maziwa kila jioni. Tangu siku hiyo hakunipa tena.

Mtu ambaye hajaishi kwetu asidhani hili lilikuwa jambo la kucheka. Kiko kina mate ya mtu, na mate ya maiti mikononi mwa mtu baki hayana maana nzuri hata moja. Walioshukiwa kwa machache kuliko hayo walichomewa nyumba wakiwa ndani. Siku zilizofuata, watu walioleta maziwa chamani walinyoosha makopo yao kwa mkono uliokunjwa ndani ya shati wasigusane nami. Nilisikia kwamba huko Kebirigo wanaume walikwenda kuliangalia kaburi la Mzee Mogaka, wakakuta udongo umetitia upande mmoja. Udongo wa kaburi hutitia kila msimu wa mvua, lakini nani alikuwa anataka kusikia habari za mvua? Usiku nililaza meza mlangoni. Niliogopa, nasema wazi.

Kemunto alitaka kusema. Tuligombana pale uzioni kwa sauti za chini, yeye ameshika beseni la sindano, mimi nikijifanya naomba dawa ya kichwa. "Naenda kumwambia baba leo," alisema. Nikamwambia akisema, yeye ameharibika, na Magokoro ameharibika. "Na wewe ukinyamaza?" akauliza. Nikasema mimi ni mwanamume, nitaondoka niende mahali pengine. Lilikuwa neno la kishujaa nililolisikia likitoka mdomoni mwangu, na sikuwa na ushujaa wowote nyuma yake. "Uende wapi?" akasema, machozi yanamtoka kwa hasira. "Wewe nenda. Mimi nitaolewa na beseni hili."

Tuliitwa. Baba yangu mdogo alinisindikiza mpaka kwa Mzee Ombati, kiko kikiwa katika mfuko wa koti langu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nije nacho. Sebule yao ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya kanisa ukutani, na mezani mikate iliyokatwa na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa. Hakuna aliyefunua ile sahani. Mzee Ombati alikaa wima, Biblia pajani, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti na ambaye kwa sababu hiyo alinitisha zaidi. Shangazi Moraa alikaa mkabala nami. Karibu na mlango wa nyuma, kwenye kigoda kifupi, alikaa Magokoro Kerubo amejifunga shuka, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Alikuwa amekonda, na hakumtazama mtu. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona migomba, kaburi chini yake, na majembe mawili yameegemezwa ukutani.

"Kijana," Mzee Ombati akasema, "weka hiyo kitu mezani." Nikaiweka. Akaitazama. "Uliitoa wapi?"

"Siwezi kusema, mzee."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi."

Baba yangu mdogo alinifinya mkono chini ya koti. Shangazi Moraa akasema kwamba yeye alikuja kwangu kama esigani, na esigani haondoki na swali. "Tufukue," akasema. "Kama ile ya baba iko ndani, hii ni nyingine, na nitamwomba huyu msamaha hapa hapa. Kama haiko, basi tumjue ni mtu wa aina gani." Mzee Ombati alifumba macho. Kufukua kaburi la baba yake ilikuwa aibu ambayo ukoo usingeisahau, na nilimwona akiipima, na nilimwona anaelekea kukubali.

Hapo ndipo Kemunto alipoingia na chai. Aliweka sinia mezani, kando ya kiko, akanyooka, akakunja mikono mbele. "Baba," akasema.

"Nyamaza wewe. Wakubwa wanaongea." Ilikuwa sauti ya Magokoro, na kila mtu aligeuka, kwa sababu hakuwa amesema neno siku nyingi. Alinyoosha mkono. "Niletee."

Nikamletea, nikainama, nikampa kwa mikono miwili. Alikipeleka puani. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Nilikuwa nimetoa kila kitu kwa chumvi na spiriti. Palikuwa hapanuki chochote isipokuwa nta. Kisha kidole gumba chake kikaenda kwenye mdomo wa kiko, pale pale, bila yeye kuangalia, kikateleza. Akakirudisha. Kikateleza tena. Akageuza kiko akajaribu upande wa chini, kama mtu anayepapasa ufunguo mahali alipouacha. Halafu akaniangalia usoni. Sijawahi kuangaliwa hivyo tena katika maisha yangu, na siombi. Nilielewa wakati huo alikuwa akipangusa nini kila alfajiri. Hakuwa akipangusa. Alikuwa akiyagusa meno ya mumewe. Nikasikia Kemunto nyuma yangu akijiziba mdomo kwa kiganja, nikajua naye ameelewa.

Angeweza kuninyamazia tu. Kwa nilichomfanyia, kunyamaza kungekuwa haki yake. Majembe yalikuwa pale ukutani, yangefanya kazi iliyobaki.

"Sikumzika nayo," alisema. "Nilidanganya mchungaji. Ilikuwa kwa chungu changu miaka hii yote." Mzee Ombati alisema, "Mama," kwa sauti ndogo. Yeye akaendelea. "Na huyu kijana nilimpelekea mimi. Nilisikia ni fundi."

"Ulimpelekea kwa mkono wa nani?" Shangazi Moraa akauliza.

"Nilienda mwenyewe. Kwa miguu yangu."

Kutoka Kebirigo mpaka Nyansiongo ni mwendo wa kumchosha kijana, na bibi yule alikuwa hawezi kufika sokoni bila kupumzika njiani. Shangazi Moraa aliutazama ule mguu ulionyooshwa. Akamtazama Kemunto, aliyekuwa amesimama machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kisha akanitazama mimi, na nilijua kwamba ameujua ukweli wote, chumba changu na mvua na kila kitu. Aliinuka. Alitoka nje kupitia mlango wa nyuma, akayachukua yale majembe, akayarudisha stoo. Aliporudi alifunua sahani ya viazi akasema, "Kuleni, vinapoa." Mpaka anakufa, mwezi uliopita, hakuwahi kuniuliza lolote. Ndiyo sababu nilipomaliza kumtupia udongo sikuweza kukaa na watu.

Sabato iliyofuata Mzee Ombati mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa, alisimama mbele akatangaza kwamba mama yake ametengwa na ushirika kwa uongo na kwa kuweka kitu cha tumbaku nyumbani. Sauti yake haikutikisika, lakini kitabu alikishika juu chini. Robo ya mwaka ilipofika, siku ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, nilikuwa Kebirigo, sasa nikiwa mchumba anayetambuliwa. Wanaume tulikuwa upande wetu na mabeseni, wanawake upande wao. Magokoro hakuruhusiwa kuingia, naye hakubaki nyumbani kama walivyomshauri. Alikaa kwenye benchi nje, chini ya paa, akatoa kiko ndani ya shuka, kitupu, akakiweka kinywani mbele ya macho ya kila aliyepita. Nilimwona dirishani. Muda si muda nikamwona Kemunto akitoka na beseni na taulo, akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, akamvua nyanya yake viatu. Mzee Ombati aliona pia, alikuwa amepiga magoti mbele yangu akiniosha miguu. Aliinama akaendelea kuniosha mguu uleule ambao alikuwa ameshauosha.

Mkutano ulipokwisha nilimwendea. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima, na yote yakanitoka kichwani. "Magokoro," nikamwambia, "niliyafuta meno yake. Sikujua. Nisamehe." Alikitoa kiko kinywani, akakitazama, akakipangusa kwa shuka.

"Uliyafuta," akakubali. "Basi. Hata mimi nina meno."

Alikuwa nayo machache. Aliishi mpaka akawaona watoto wetu wawili, na kila alipokaa kuota jua alikiuma kile kiko kwa bidii, upande mmoja, na watu wakisema ameanza kurukwa na akili alinikonyeza. Vile vishimo ambavyo mjukuu wangu alitaka visuguliwe ni vya kwake. Siku ile ya mazishi ya Shangazi Moraa, baada ya kijana kwenda kupanga viti, Kemunto alikuja akanikuta pale pale kwenye kiti. Alikichukua kiko, akaweka kidole gumba juu ya mdomo wake, akakiacha hapo kidogo. Halafu akanirudishia, akaniuliza kama nimekula.